Wimbo wa nani, pesa za nani?

Safu ya maswali na majibu ya wapenzi wa muziki, na Maalim Besi, Unguja

SWALI: Maalim, shikamoo. Sisi ni vijana wanne wa Wete, Pemba. Tuna gitaa la solo, besi, dramu, na mwimbaji ambaye kinanda pia anakibonyeza. Tulianza kwa kupiga kopi kwenye harusi na sikukuu, sasa tuna nyimbo zetu na mmoja umeanza kupigwa redioni. Mimi ndiye mpiga besi. Wimbo ule ulianzia kwenye besi yangu, maneno ni ya mwimbaji, mdundo kautia mpiga dramu. Mwimbaji kenda kuusajili kwa jina lake peke yake. Tulipomuuliza akasema ndivyo wafanyavyo wakubwa, ati hata Queen nyimbo zote zilikuwa za Freddie Mercury, na Freddie ni Mzanzibari kama sisi. Sasa kuna hoteli huko Unguja inatutaka kila Ijumaa, nasi hatusemezani. Anachosema ni kweli? Na tugawane vipi?
Mpiga besi wa Wete

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwimbaji wenu hadithi ya Queen kaisikia nusu, tena nusu inayomfaa yeye.

Queen, bendi ya Uingereza, walikuwa wanne kama nyinyi: Freddie Mercury akiimba na kupiga piano, Brian May gitaa, Roger Taylor dramu, John Deacon besi. Wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja aliandikwa jina lake kwenye wimbo wake. Ule wa kupiga miguu na makofi unaousikia kila uwanja wa mpira, "We Will Rock You" wa mwaka 1977, ni wa May. "We Are the Champions", uliotoka naye kwenye santuri moja, ndio wa Freddie. "Radio Ga Ga" wa 1984 ni wa mpiga dramu. Na "Another One Bites the Dust", uliopanda mpaka namba moja Marekani mwaka 1980, ni wa Deacon, mpiga besi mwenzetu. Huyu alikuwa mdogo wao na wa mwisho kuingia, mwaka 1971, mkimya, wala kuimba hawezi. Usikilize tena ule wimbo uone unaanza na nini. Mwambie mwimbaji wenu ausikilize na yeye.

Kwa hiyo hoja ya Freddie ife hapo. Lakini usifurahi upesi, kwa sababu huko kuandikana majina mmoja mmoja nako kuliwaletea balaa, na hilo ndilo ninalotaka mlijue kabla hamjapanda boti kuja huku.

Waliibuka polepole kuliko watu wanavyodhani. May na Taylor walikuwa na bendi yao London, ikiitwa Smile, ikawafia mkononi. Freddie, aliyekuwa akiwafuata fuata na kuwafundisha jukwaani wavae nini na wasimame vipi, akaingia mwaka 1970 na kuipa bendi jina jipya. Wakachukuliwa na kampuni ya Trident iliyokuwa na studio Soho. Mkataba wenyewe ulikuwa hivi: studio ikiwa na wateja wanaolipa, Queen wakae nje, wateja wakienda zao usiku, wao ndio waingie kurekodi. Albamu ya kwanza ilipatikana kwa vipande vya usiku namna hiyo, ikatoka Julai 1973, na wimbo walioutanguliza haukushika popote. Wa kwanza kushika Uingereza ulikuwa "Seven Seas of Rhye", 1974, na mwisho wa mwaka huohuo "Killer Queen" ukafika namba mbili.

Sasa shika hapa. Namba mbili Uingereza nzima, wamekwenda Japani wamepokewa kama wafalme, na mfukoni wako kwenye posho ya wiki. Deacon alitaka kuoa na kununua nyumba, akaomba fedha za kuanzia, akanyimwa. Freddie aliomba piano, akanyimwa. Kampuni nayo ilikuwa na maneno yake: tumewanunulia vyombo, tumewalipia studio, fedha yetu hairudi bado. Mpaka leo kila upande una hesabu zake. Mwaka 1975 wakaachana kwa fidia na wanasheria, na Freddie akawaandikia wimbo wa kuwaaga ambao sikuutia kwenye safu hii kwa heshima ya wasomaji wetu.

Wakaingia albamu iliyofuata wakiwa hawana kitu, na humo ndimo ulimotoka "Bohemian Rhapsody". Dakika tano na sekunde hamsini na tano, wakati redio zilizoea dakika tatu. Ukakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Mtunzi: Freddie Mercury, peke yake, na hapo ilikuwa haki, wimbo wote alikuwa nao kichwani.

Ila enzi hizo wimbo uliuzwa kwenye santuri ndogo yenye pande mbili. Upande wa mbele wimbo mkubwa, upande wa nyuma wimbo wa kujazia. Mnunuzi anataka wa mbele, lakini hawezi kununua upande mmoja, na mrabaha wa utunzi, yaani fedha anayolipwa mtunzi kwa wimbo wake, ulihesabiwa sawasawa kwa pande zote mbili. Nyuma ya "Bohemian Rhapsody" kulikuwa na wimbo wa Roger Taylor kuhusu mtu aliyependa gari lake. Inasimuliwa kwamba alijifungia kabatini akagoma kutoka mpaka wakubali kuuweka. Wakakubali. Basi kila santuri iliyonunuliwa kwa ajili ya Freddie, mpiga dramu alichukua mrabaha ule ule. Na May, ambaye gitaa lake limo upande wa mbele wote? Kwa utunzi wa pande hizo mbili, hana kitu. Wamelisema wenyewe miaka ya baadaye: ugomvi mwingi wa ndani ya Queen ulikuwa huo, wimbo wa nani utoke kwanza, wa nani ukae nyuma.

Iliwachukua mpaka albamu ya mwaka 1989. Hiyo ilitoka kila wimbo umeandikwa "Queen", bila jina la mtu, na fedha mafungu manne. May amesema mara nyingi kwamba wangelifanya hivyo zamani. Freddie alikuwa tayari mgonjwa, na Novemba 1991 akafariki. Miaka ishirini ya bendi, na ile ya kugawana bila kinyongo ni michache ya mwishoni.

Sasa nyinyi. Sikuambieni muige ya mwaka 1989 nzima nzima. Queen wakati ule kila mmoja alikuwa na mali yake, ukarimu ulikuwa mwepesi. Kwa bendi changa nimeona njia moja ikifanya kazi: nusu kwa watunzi, nusu kwa bendi. Ukija mrabaha wa shilingi laki moja, elfu hamsini ni za watunzi, na elfu hamsini zinakatwa mafungu manne, 12,500 kila mmoja. Katika wimbo wenu watunzi ni wawili, wewe wa muziki na yeye wa maneno, kwa hiyo zile hamsini mnagawana 25,000 kila mmoja. Mpiga dramu na mpiga solo wanapata fungu lao la bendi, hawadai zaidi. Mdundo ni kazi, lakini utunzi sikuuita. Wapiga dramu wataniandikia, waandike tu.

Halafu rudini COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, wote wanne, na kitambulisho kila mtu, mkarekebishe usajili. Msimpeleke mwimbaji peke yake akarekebishe. Na msingoje wimbo uingize fedha ndipo mkae kikao. Sasa hivi hakuna cha kugombania, ndiyo maana karatasi itaandikika kwa dakika kumi. Siku fedha ikija, kila mtu atakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeuanzisha.

Fedha ya hoteli ni jambo jingine, msiichanganye. Ile ni ujira wa usiku, mafungu sawa, baada ya kutoa boti, gari la vyombo na nyuzi. Mwimbaji atasema yeye ana gharama za nguo. Wote wanasema hivyo. Nilipiga miaka mingi kwenye hoteli za kaskazini na mashariki, na nakumbuka meneja mmoja aliyekuwa akitupa bahasha imefungwa kwa gundi, ukiifungua unakuta kakata chakula cha jioni cha watu sita, na wali wenyewe tumekula jikoni tumesimama, saa tano usiku, baada ya wageni kushiba. Mkataba ulisema chakula juu ya hoteli? Haukusema kitu, kwa sababu mkataba haukuwapo. Mtakapoongea na hao wa Ijumaa, andikeni chakula, andikeni malazi, andikeni mvua ikinyesha na shoo ya ufukweni ikavunjika mnalipwa kiasi gani. Mvua ya masika hupenda sana siku za Ijumaa.

Na semezaneni, bwana. Mnaishi Wete, mnaonana kila siku sokoni.

SWALI: Mimi natembeza wageni Mji Mkongwe. Wote wanataka nyumba ya Freddie Mercury. Wenzangu kila mmoja anaonesha mlango wake. Upi wa kweli?
Mtembeza wageni, Malindi

JIBU: Wapeleke Shangani, barabara ya Kenyatta, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2019. Humo watapata picha na maelezo, nawe hutabishana na mtu. Familia kama ile, ya mfanyakazi wa serikali ya kikoloni, haikuwa ajabu ikikaa nyumba hii leo na ile kesho, kwa hiyo usimwite mwenzako mwongo mbele ya mgeni.

Ila mkishafika, waelezeni vizuri. Alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi. Alikuwa mtoto wa miaka minane hivi alipopelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanzia bendi yake ya kwanza ya wanafunzi, The Hectics, akipiga piano. Alirudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Nawasikia baadhi yenu mkisema alijifunza muziki kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe. Inapendeza masikioni, lakini piano yake ni ya India na bendi yake ni ya London. Kwetu kazaliwa, kacheza, kaondoka kijana. Si haba, wala haihitaji kuongezwa chumvi.

SWALI: Maalim, naomba unisaidie kusema na mwanangu. Yuko chuo mwaka wa pili, anasomea umeme, na sasa anataka kuacha kwa sababu ya bendi. Dramu kaiweka chumba cha uani, majirani washalalamika. Anasema wanamuziki wakubwa hawakusoma.
Mama wa Kwahani

JIBU: Bi mkubwa, nimefurahi umeleta swali hili wiki hii hii, kwa sababu watu wale wale wa hapo juu watakujibia.

Deacon, yule mpiga besi, alisomea elektroniki London akamaliza kwa daraja la kwanza mwaka 1971, mwaka ule ule alioingia Queen. Elimu hiyo haikulala. Aliokota kipande cha saketi kilichotupwa, akakitengeneza amplifaya ndogo, na May akaitumia kurekodia miaka na miaka. Taylor aliingia kusomea meno, akahama, akachukua shahada ya biolojia. Freddie alimaliza chuo cha sanaa Ealing mwaka 1969, fani ya uchoraji wa matangazo, na ile nembo ya Queen yenye ndege na simba aliichora yeye, hawakumlipa mtu. May alikuwa akifanya udaktari wa falsafa katika elimu ya nyota, Imperial College, kuhusu vumbi lililoko baina ya sayari. Mwaka 1974 bendi ilipopamba moto akauweka kando. Aliurudia akiwa mtu mzima na mashuhuri dunia nzima, akaumaliza mwaka 2007. Kwa hiyo mwanao akisema hawakusoma, muulize ni nani huyo asiyesoma.

Kuna jingine la huyo May nalitaka ulijue wewe hasa. Gitaa lake lile jekundu hakulinunua dukani, hawakuwa na uwezo. Alianza kulichonga na baba yake mwaka 1963, naye ni kijana wa skuli. Shingo ilitoka kwenye ubao wa zamani wa meko ya ukutani, springi zilitoka kwenye pikipiki kuukuu, na zile nukta nyeupe za kuonesha vituo vya vidole ni vifungo alivyochukua kwenye kisanduku cha kushonea cha mama yake. Kazi ilichukua kama miaka miwili. Gitaa hilo hilo ndilo lililosikika kwenye tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, mbele ya watu 72,000, siku Queen walipopewa dakika ishirini hivi na wakaifunika shoo nzima. Baba yake alikuwa hapendi kabisa aache masomo kwa ajili ya muziki, na bado gitaa alimsaidia kulitengeneza.

Mkataze kuacha chuo, bendi usimkataze. Amebakiza muda mfupi, na fundi umeme kwenye bendi ni mali. Huku kwetu shoo ngapi zimekufa kwa waya mmoja? Mazoezi yawe baada ya laasiri, mwisho magharibi. Na ile dramu kubwa ya mguu, mwambie aitie blanketi kuukuu ndani, ilale imegusa ngozi zote mbili. Sauti itakuwa kavu na fupi, ndivyo hata studio wanavyoitaka. Majirani wakiendelea kulalamika baada ya hapo, basi tatizo ni matoazi, na dawa ya matoazi ni kumwambia apige taratibu. Hatokusikia, lakini mwambie.