Re: Wanawake wa Paris 1793, mbona walipigana wenyewe kwa wenyewe?

Salaam mkuu. Umekwama hapa: Oktoba 1789, mwanzoni mwa Mapinduzi ya Ufaransa, wanawake wa Paris waliandamana pamoja hadi Versailles kudai mkate, ilikuwaje 1793 wachuuzi wa sokoni wawavamie wanawake wanamapinduzi?

Nikiwaelekeza wanafunzi mada hii huwa naanza na mfuko wa mtu, hotuba baadaye. Klabu ya hao wanawake wanamapinduzi, yaani ya Pauline Léon na Claire Lacombe, ilitaka bei zibanwe na walanguzi waadhibiwe. Kwa mnunuzi, nafuu. Kwa mama mwenye meza ya samaki, sheria ya ukomo wa bei ya 29 Septemba ni hasara tupu. Juu ya hapo wanaklabu wanapita sokoni kuwashurutisha wachuuzi wavae kishada cha rangi tatu, beji ya Mapinduzi! Ngumi zikarushwa, na Bunge likapata kisingizio: tarehe 30 Oktoba likapiga marufuku klabu zote za wanawake, hata zisizohusika.

Olympe de Gouges, mwandishi aliyetetea haki za wanawake, usimtie kwenye kapu hili. Tamko lake la haki za mwanamke la 1791 alimwelekezea Malkia Marie Antoinette, nalo lilidai haki mbele ya sheria. Bei ya unga ilikuwa kesi ya wengine.