Sayansi huria: kifungu, namba na ankara

Nchi wanachama 193 wa UNESCO walipitisha Pendekezo la Sayansi Huria, yaani machapisho na data za utafiti kuwa wazi kwa wote, Novemba 2021. Kazi ya kulitekeleza imeangukia wizara, maktaba za vyuo na watafiti wenyewe, na ndiko maswali haya yanakotoka.

Tunaandaa mwongozo wa kitaifa. Kitu gani kisikosekane?

Kifungu ndani ya mkataba wa ruzuku. Matamko yapo ya kutosha. Mkataba useme nakala ipi iwekwe wazi, iwekwe wapi, ndani ya miezi mingapi na kwa leseni gani, kisha awamu ya mwisho ya fedha isitoke mpaka kiungo kionekane. Bila hiyo awamu ya mwisho, mtafiti akishamaliza fedha hamna tena cha kumshika.

Ufaransa ilitangulia na sheria. Tangu 2016, kazi iliyogharimiwa angalau nusu na fedha za umma na kutoka katika jarida, mwandishi ana haki ya kuuweka wazi mswada wake uliokubaliwa: baada ya miezi 6 kwa sayansi, teknolojia na tiba, miezi 12 kwa sayansi za jamii, hata kama alishamkabidhi mchapishaji haki zote. Mpango wa kitaifa ukafuata 2018, pamoja na kipimo cha kila mwaka: machapisho ya 2017 yalikuwa wazi kwa 41%, ya 2021 kwa 67%.

Mkikiiga kipimo hicho, angalieni jambo moja. Kinahesabu kwa DOI, namba ya kudumu inayotambulisha chapisho mtandaoni. Jarida la chuo lisilo na DOI halionekani kabisa, na kwetu kazi za Kiswahili ndizo zitakazopotea kwanza kwenye hesabu. Tengeni fedha za DOI za majarida ya ndani kabla ya kuanza kupima.

Chuo kikibadili anwani ya tovuti, viungo vyote vya hazina yetu ya DSpace (programu ya kuhifadhi kazi za chuo mtandaoni) vinakufa. Kwa nini?

Fungua kazi yoyote uitazame anwani yake. Ukiona *handle/123456789/*, jibu ndilo hilo: ni namba ya mfano inayokuja na programu, haijasajiliwa popote, kwa hiyo kiungo kinategemea anwani ya tovuti pekee, na hazina nyingi za vyuo vya Afrika bado zinayo. Tasnifu zinanukuliwa kwa namba ambayo hakuna anayeitambua.

Kwanza weka chelezo ya kanzidata. Sajili kiambishi chenu (namba ya mwanzo) cha Handle, mfumo wa kimataifa wa viungo vya kudumu, kiandike kwenye mipangilio, endesha *dspace update-handle-prefix* ukitaja namba ya zamani na mpya, kisha jenga upya faharasa kwa *dspace index-discovery -b*. Washa na seva ya Handle. Wengi hukwama hapa: mlango wa mtandao (port) 2641 ambao seva hiyo inautumia umefungwa na ukuta wa usalama wa chuo, kwa hiyo kila kitu kinaonekana sawa ukiwa ndani, na nje hakuna kiungo kinachofunguka. Jaribu kwa simu yenye bando lako, si kwa Wi-Fi ya ofisini.

Makala yangu imetoka kwenye jarida la kulipia. Naweza kuiweka kwenye hazina ya chuo?

Kwa kawaida ndiyo, ila si ile PDF yenye nembo ya mchapishaji. Kinachoruhusiwa mara nyingi ni mswada uliokubaliwa baada ya mapitio, mara nyingine baada ya kusubiri miezi 6 hadi 24. Tatizo ni kwamba miaka miwili baadaye faili hilo halipatikani. Mtumie mkutubi siku ileile barua ya kukubaliwa inapofika. Yeye atalifungia hadi tarehe ifike.

Data zetu ni za kaya vijijini. Tukifuta majina, inatosha?

Haitoshi. Nesi wa kiume, miaka 58, kijiji chenye zahanati moja: kila mtu pale anamjua. Unganisha umri kwa makundi, panda kutoka kijiji hadi wilaya, futa kazi zisizo za kawaida. GPS nazo zisogezwe. Tafiti za DHS, zile za kitaifa za idadi ya watu na afya, husogeza kitovu cha eneo hadi kilomita 2 mjini na hadi 5 vijijini, na asilimia moja ya maeneo ya vijijini hadi 10. Tanzania, taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zisizosafishika zibaki kwa maombi maalumu. Maelezo yake na dodoso ndivyo viwe wazi. Na fomu ya ridhaa itaje matumizi ya baadaye tangu mwanzo, maana kuwarudia washiriki baada ya miaka mitatu ni ndoto.

Jarida linadai ada ya kuchapisha. Nani alipe?

Omba msamaha wa ada unapowasilisha makala, usingoje ankara. Wachapishaji wengi wakubwa hufuata orodha ya nchi ya Research4Life, mpango wa kuzipatia nchi za kipato cha chini machapisho ya kisayansi, na Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na DRC zimo kundi A, ambalo kwa kawaida husamehewa ada yote. Ila msamaha huo ni wa majarida huria kamili. Yale ya mseto, ambayo maktaba tayari inayalipia usajili, kwa kawaida hayatoi. Hayo mfadhili wa umma asiyalipie hata senti: ni kununua ng'ombe mmoja mara mbili.