Usimtoe mtoto nyumbani kabla hujapata wa kukaa na mgonjwa

Mleta uzi simamisha hiyo kambi ya Desemba. Kabla hujalipia ukumbi, kabla hujachapisha fulana, soma hapa. Umesema mna hela kidogo ya mfadhili na mnataka kuwakusanya watoto wanaouguza wazazi na bibi zao kila Jumamosi, michezo, stadi za maisha, chakula cha mchana, halafu likizo mnawapeleka kambi ya siku tatu. Ndicho kilichofanyika huku kwetu Kagera na bibi wa watu akavunjika nyonga.

Historia ya huku mnaijua. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligundulika mkoa huu 1983, kizazi cha katikati kikapukutika, wakabaki wazee na wadogo. Leo bibi aliyebaki kulea kapigwa kiharusi na kijana wa darasa la sita ndiye anamwogesha, anamlisha uji, anamgeuza. Na kumgeuza ndiyo kazi yenyewe, aliyepooza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, ukizembea ngozi inaanza kuoza na kidonda cha mgongo kikishachimbika hakiponi kirahisi. Sasa wewe unamwita mtoto saa tatu asubuhi arudi saa kumi jioni, nani anamgeuza bibi?

Hilo swali kuna mama mmoja mhudumu wa majumbani aliliuliza kwenye kikao. Mshauri wa miradi aliyeletwa kutoka Dar akamjibu "kila mtoto ana majirani". Majirani gani wa kijijini ambao Jumamosi hawako shambani au mnadani? Yule mama akanyamaza, mshauri akachukua posho yake akapanda ndege, tukabakiwa na andiko zuri lililojaa maneno ya nafasi salama kwa vijana. Bado nina hasira naye na sitaficha.

Siku ya kambi kijana akamwomba jirani amwangalie bibi pale nyumbani, jirani akaitwa msibani, bibi kiu ikamshika akajaribu kujivuta kufuata maji akaanguka, akakaa sakafuni toka mchana mpaka jioni wapita njia waliposikia sauti. Kijana anarudi anakuta kitanda kitupu. Hakuna aliyemlaumu ila yeye aliona kosa ni lake, hakuja tena kituoni na shule nayo akaacha karibu muhula mzima kwa sababu hamwamini mtu yeyote kumwachia bibi. Na kaya yao ilikuwa TASAF, ule mfuko wa serikali wa ruzuku kwa kaya maskini, sharti la mtoto kuhudhuria shule ni asilimia 80 ya siku za masomo, asipofikisha ruzuku inakatwa. Kwa hiyo mtoto alipewa wali na fulana, akapoteza shule na hela ya sabuni na dagaa. Fulana zenyewe watu wanazilimia mpaka leo, kitambaa kilikuwa imara kuliko mradi.

Na walioelemewa kabisa hawakuja hata siku moja, walikuja wale ambao nyumbani kuna shangazi.

Kanuni ni moja tu, mtu mzima wa kukaa na mgonjwa kwanza, mtoto baadaye. Hela ya ukumbi ipeleke kwenye posho za akina mama waliofundishwa kuhudumia wagonjwa majumbani, na wasiingie siku hiyohiyo mtoto anapotoka. Waende wiki kadhaa mtoto akiwepo, yeye ndiye awafundishe, maana anajua bega gani linauma na bibi akikunja uso anataka nini. Jambo jingine watu wanaona aibu kulisema, kijana wa kiume kumwogesha bibi yake au binti kumwogesha baba inawatesa wote wawili, na mama mhudumu akishalichukua hilo moja tu unaona mtoto anapumua. Kuna mmoja alikuwa haongei kabisa, baada ya mwezi hivi akauliza mwenyewe kama anaweza kwenda kucheza mpira. Hapo ndipo kituo chako kina maana.

Halafu ongea na mwalimu mkuu kimyakimya, hawa watoto wanachapwa kwa kuchelewa wakati asubuhi walikuwa wanafua mashuka. Usiruhusu watajwe paredi.

Umeuliza usajili wa kikundi chenu, muone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri kwa vijana ni kuanzia miaka 18, kwa hawa sahau.

Wiki hii kaa na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa pale mpite nyumba kwa nyumba, kila jina la mtoto liandikwe pembeni ya jina la mtu mzima atakayebaki na mgonjwa, na huyo mtu mzima umuulize mwenyewe kama yupo kweli siku hizo tatu. Asiyepatikana wa kubaki, mtoto huyo haendi kambini, mpelekee chakula na mpira kwao.