Mkate wa kumimina: mchele wa kuloweka au unga wa dukani?

Loweka mchele. Unga wa mchele wa dukani utaiva, lakini vile vitundu vya mkate wa kumimina huvipati vizuri, kwa sababu chenga zake kavu huzama chini na mkate hutoka mzito. Loweka usiku kucha, chuja maji, saga kwa tui zito, hamira na iliki mpaka ukisugua rojo kati ya vidole usisikie chenga hata moja. Sukari tia baada ya kuumuka, maana ikiwa nyingi hupunguza nguvu ya hamira. Ndivyo tunavyopika kwetu Unguja kila Ramadhani. Ila usingoje rojo lishuke lenyewe; likijaa povu tu, mimina kwenye sufuria ya moto iliyopakwa mafuta.