Jibu: Mdogo wangu na vidonge vya ekstasi, nimpeleke methadoni?

Pole sana dada. Umeuliza kama mdogo wako anayemeza ekstasi, vile vidonge vya kulevya vya klabu, kila wikendi anaweza kuanzishiwa methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini, pale hospitali ya Muhimbili. Hapana. Ile huduma, iliyoanza 2011, ni ya watumiaji wa heroini. Kwa ekstasi hakuna dawa ya aina hiyo, si hapa si Ulaya.

Huo unyonge unaosema humshika kila Jumanne na kukutisha una sababu yake. Kidonge huufanya ubongo umwage akiba ya serotonini, kemikali inayosaidia kuweka moyo mchangamfu, kwa mkupuo. Raha yote inaliwa usiku mmoja, halafu siku mbili tatu ghala ni tupu: huzuni, hasira, usingizi wa mang'amung'amu. Ndipo anaongeza cha pili, cha tatu, na raha ya mwanzo hairudi. Arosto ya heroini, ile ya kutapika na viungo kuuma, hutaiona kwake, na nadhani ndiyo maana anajitetea kwamba yeye si teja.

Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa mara kwa mara, na kuibadilisha wikendi yenyewe. Hilo la pili ndilo gumu, maana marafiki wote wako hukohuko klabu.

Usimnunulie dawa za sonona kwa kubahatisha. Baadhi zikikutana na ekstasi ni hatari. Mpeleke kwa daktari wa afya ya akili, aseme kila anachotumia. Akizungumzia kujiua, msingoje miadi. Na akipata joto kali, kuchanganyikiwa au degedege baada ya kumeza, hospitali usiku huohuo.