Funueni shuka kwanza: maneno machache kwa mnaoanza wodi ya mifupa

Juzi nimepokea zamu ya asubuhi nikakuta chati ya bibi mmoja aliyewekewa goti bandia. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi imejazwa "vidole: kawaida", wino mmoja, mwandiko mmoja, umenyooka kama umepigwa rula. Bibi mwenyewe kavaa soksi nene ya sufu. Nikamuuliza kijana wa zamu soksi ile ilivuliwa saa ngapi, akaanza kuvitazama viatu vyake. Nilimfokea kidogo, kisha nikamnunulia chai. Ya darasani mnayajua, wadogo zangu, sitayarudia. Nasema yale ninayoona yakirudiwa kila wanapokuja wapya.

1. Mto hauwekwi chini ya goti. Najua mgonjwa ataomba, na ukigeuka tu ndugu yake atauweka. Weka chini ya kifundo cha mguu ili goti linyooke. Goti likizoea kukaa limekunjwa halinyooki tena kirahisi, na mtu wa fizio, yaani wa mazoezi ya viungo, atakuja kuwauliza nyinyi, si ndugu.

2. Mkague mguu, msikague chati. Hapa mnivumilie.

Nilipokuwa mgeni wodini kama nyinyi, nilipokea mzee aliyetoka thieta (chumba cha upasuaji) mchana, goti bandia, ganzi ya mgongoni. Mtaratibu mno, wale wanaosema "samahani mwanangu nakusumbua" kabla hawajaomba hata maji. Saa 5 usiku akaniambia mguu bado una ganzi. Nikamjibu kwa kujiamini, "Ni ile sindano ya mgongoni, mzee wangu, itaisha." Nikapita kitanda kinachofuata. Saa 8 akaniita tena: panawaka, pembeni ya goti, chini ya bandeji. Wodi imejaa, dripu mbili zimevimba, mtoto wa kitanda cha mwisho analia. Nikampa dawa, nikaandika "amepata dawa, anapumzika". Hakuwa amepumzika. Alikuwa amenyamaza kwa sababu aliona nimechoka.

Asubuhi daktari akamwambia avute wayo kuelekea puani. Wa kushoto ukaja. Wa kulia, uliopasuliwa, ukalala vilevile, vidole vimeinama. Na huo wa kushoto ndio alioutumia usiku kucha kusukuma blanketi, nikiona kwa macho yangu! Ganzi ya mgongoni haikai mguu mmoja hadi usiku wa manane huku mwenzake unarusha blanketi. Darasani nililijibu swali hilo nikapata alama zote.

Bandeji ikakatwa palepale, goti likakunjwa kidogo (ndiyo, siku hiyo mto uliwekwa chini ya goti, kwa amri ya daktari). Upande wa nje, chini kidogo ya goti, bandeji ilikuwa imeacha mfereji kwenye ngozi. Ndipo inapopita ile neva ya kunyanyulia wayo, juujuu kabisa, imezunguka mfupa, haina nyama ya kuikinga. Daktari alisema huenda ilivutwa tangu thieta, hakuna wa kuapa. Sawa. Lakini kutoka saa 5 hadi asubuhi mguu ulikuwa mikononi mwangu na sikuufunua hata mara moja.

Kwa miezi alikuwa akija kliniki na ndara iliyolika mbele, pale vidole vilipokuwa vinaburuza. Kila akiniona ananisalimia kwa uchangamfu, nami natafuta faili la kushika.

Kwa hiyo vua soksi. Mwambie avute kidole gumba juu, kisha asukume chini. Gusa ngozi kati ya kidole gumba na cha pili, uulize kama anasikia sawa na mguu mwingine. Bonyeza ukucha: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Tafuta mapigo juu ya wayo. Soma karatasi ya mtu wa usingizi, kwa sababu aliyechomwa pia ganzi ya neva ya paja anaweza kukaa nayo hadi kesho yake, na huyo asisimame peke yake, goti litamwachia. Maumivu yakizidi baada ya dawa, au kidole kikigoma, mpigie daktari. Akinuna, anune.

3. Dawa ya maumivu itangulie fizio kwa nusu saa au zaidi, si baada ya mgonjwa kupiga kelele.

4. Kigimbi hakichuliwi. Kila wodi ina shangazi aliyekuja na chupa ya mafuta ya nazi kwenye mkoba, na nia yake ni njema kabisa. Mweleze kwa adabu: damu ikiwa imeganda mle ndani, bonge linaweza kuchomoka likaenda kwenye mapafu. Mpe kazi nyingine, amhimize mgonjwa kuchezesha vifundo. Kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, toa taarifa. Akianza kuhema ghafla, hiyo ni dharura. Na sindano ya tumboni, ile ya kuzuia damu isigande, hairukwi eti "nilimkuta amelala". Mwamshe.

5. Barafu ifungwe kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20.

6. Aliyechomwa mgongoni na hajakojoa tangu thieta, papasa kibofu kabla hujamwita mkorofi.

7. Siku ya ruhusa mnafundisha ngazi vizuri: kupanda, mguu mzima hutangulia, kushuka, uliopasuliwa hutangulia. Halafu hamuulizi choo cha nyumbani kikoje! Goti likikunjika nyuzi 90 tunashangilia, lakini kuchuchumaa kunataka zaidi ya hapo. Mama mmoja alituitikia kila kitu, "ndiyo sista, ndiyo sista", hadi mwanawe aliyekuja na bajaji akatuambia wana choo cha shimo, nje, na kizingiti chake kirefu. Tukamchorea kijana kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati. Akauliza kama akate kile cha sebuleni, mama akasema labda cha baba yake.