Kimeng'enya hupangwa kwa kazi yake

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini vimeng'enya (vichocheo vya mabadiliko ya kikemikali katika viumbe) viwili vya asali yetu ya Tabora, ambavyo vyote hushughulikia sukari, vimewekwa katika makundi tofauti. Katika mfumo wa kimataifa wa EC (Enzyme Commission, yaani Tume ya Vimeng'enya), wenye makundi saba, kinachoangaliwa ni mmenyuko (badiliko la kikemikali) unaochochewa, wala si chakula ambamo kimeng'enya kimepatikana. Invatesi hutumia maji kuikata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Kwa hiyo ni haidrolesi, kundi la 3, na namba ya invatesi ya asali ni EC 3.2.1.20. Glukosi oksidesi huhamisha elektroni kutoka kwenye glukosi kwenda kwenye oksijeni, na hapo hutokea haidrojeni peroksaidi, ambayo ni mojawapo ya sababu zinazofanya asali iliyozimuliwa kwa maji izuie bakteria. Hiyo ni oksidoridaktesi, kundi la 1, EC 1.1.3.4.

Kundi la 2 huhamisha vikundi vya atomi kati ya molekuli, la 5 hupanga upya molekuli ileile, la 6 huunganisha molekuli mbili kwa nishati ya ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli) au inayofanana nayo, na la 7, lililoongezwa mwaka 2018, huvusha ioni au molekuli kupitia utando. Linalowasumbua wengi ni la 4, yaani liesi, kwa kuwa nalo huvunja vifungo, ila si kwa haidrolisisi (kukata kwa maji) wala oksidisho (kuondoa elektroni). Ukipewa mlinganyo, tazama kwanza kama maji ndiyo yaliyokata kifungo. Usitegemee majina ya zamani: pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini, ni haidrolesi, lakini jina lenyewe halikudokezei lolote.